Marando ya Nyuma ya Bafu

Mama mkwe wangu alikuwa mtu asiyeomba. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanatoka hapo, mazuri yake na yale yaliyonitoa machozi. Chumvi ikiisha nyumbani tulikula mboga bila chumvi. Moto ukizimika, wanawake wengine walikwenda kwa jirani na kigae wakaomba kaa. Yeye alichuchumaa mbele ya mafiga na kiberiti kilicholowa, akakwangua njiti moja baada ya nyingine mpaka iwake au ziishe. Zikiisha tulikula kiporo. Nikimwambia, "Mama, niende kwa jirani mara moja," alinijibu kwa neno moja la Kisukuma, "Yaya," yaani hapana, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jina lake lilikuwa Sikujua. Watu walimwita Mama Bujiku, kwa jina la mwanawe, ambaye ndiye mume wangu. Mimi ni Coletha, mtoto wa Ushirombo, niliyekulia kwenye miti mpaka nikadhani dunia nzima ina miti. Nilipoolewa upande wa Samuye mwaka 1972 nilishuka kwenye basi nikatazama huku na huku nikauliza kuni zinatoka wapi. Bujiku akacheka. Kuni zilikuwa mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Miti ilikwisha katwa zamani, kupisha pamba na kufukuza mbung'o, na moshi wa yale mavi ulinichoma macho mpaka nikamwandikia mama yangu kwamba nimeolewa jikoni kwa shetani.

Bujiku alikuwa kibarua Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, na nyumbani alikuja likizo tu na sikukuu. Kwa hiyo niseme ukweli: niliolewa na Bujiku, lakini niliishi na Sikujua.

Jambo la kwanza tulilogombania ni kiazi kitamu. Siku moja alinituma shambani, nami nikafanya kama tunavyofanya kwetu, nikang'oa shina zima na vyote vilivyokuwa chini yake, vikubwa kwa vidogo. Alinitazama kama mtu aliyemkuta mkwewe amechinja ng'ombe mwenye mimba. Akanipeleka mpaka kwenye tuta, akaniinamisha, akanionyesha pale udongo ulipopasuka. Hapo ndipo unapoingiza kijiti, unafukua taratibu, unatoa kile kilichonenepa, kisha unafukia tena wadogo zake wakae. "Hivi vidogo umevila vikiwa bado vinasoma," aliniambia.

Ndivyo alivyokula kila kitu. Majani ya kiazi alichuma ncha tu, mbili tatu kwa kila kamba, akahamia kamba nyingine. Maganda yalikwenda kwa mbuzi. Viazi vilivyozidi tulivimenya, tukavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya jiwe vikawa michembe. Vingine tulivichemsha kwanza ndipo tukavianika, hayo ndiyo matobolwa, matamu kama peremende za sherehe. Hata maji yaliyochemshia viazi hakuyamwaga, aliyakorogea uji wa mtama. Niliona ni ubahili. Nilimwambia Bujiku kwamba mama yako anaweza kupika kivuli cha kuku akapata mchuzi. Bujiku akaniomba nisiseme hivyo mbele yake.

Sasa nieleze marando, maana ndiyo kesi yenyewe. Marando ni zile kamba za viazi vitamu. Kiazi hakipandwi kwa punje. Unakata kamba, unaizika kwenye tuta, inashika. Kama huna kamba huna kiazi, hata uwe na shamba la kupitisha trekta. Na kiangazi cha Shinyanga kinaua kamba zote, kwa hiyo mbegu ya mwakani lazima iwekwe hai mahali penye unyevu, bondeni au kando ya kisima, mpaka mvua irudi. Desturi niliyoikuta ilikuwa hii: marando hayauzwi, wala hayanyimwi. Ukiomba unapewa. Tena ukipewa husemi asante, eti ukishukuru hayashiki. Unajitwika mzigo wako, unaondoka kimya, na mwakani mwingine akikuomba nawe unampa.

Niliipenda desturi hiyo tangu siku ya kwanza. Ila ilikuwa na tundu, na mama mkwe wangu ndiye aliyekaa nje ya tundu hilo, si kwa akili nyingi bali kwa kiburi chake. Kwa kuwa kila mtu ana hakika ya kupewa, wengi hawajisumbui kutunza. Jirani yetu Mama Theonest alimtegemea dada yake, dada yake alimtegemea wifi yake, na wifi alijua kwamba kule bondeni hakukosekani mtu. Miaka yote hakukosekana kweli. Sikujua peke yake hakumtegemea yeyote, kwa sababu angelazimika kwenda kuomba. Kila kiangazi alikuwa na kipande chake bondeni, amekizungushia miiba, anakitembelea kama mgonjwa.

Mwaka 1974, kiangazi kikiwa kikali, tukaambiwa tuhamie kwenye kijiji kipya. Sitaki kusema mengi juu ya kuhama, waliohama wanajua. Lori lilikuja asubuhi, na kila nyumba ilipewa muda wa kupakia. Nilipakia vyungu, mitungi, kinu, magunia ya michembe. Nilimtafuta mama mkwe nisimwone. Nikamkuta anapanda kutoka bondeni, amelowa mpaka kiunoni, kichwani gunia linalotiririka maji. Alikuwa amekwenda kukata marando.

Msimamizi wa lori alikuwa kijana mpole aliyechoka. Akamwambia, "Shikamoo bibi. Nafasi imekwisha, hilo gunia la majani ya mbuzi liache."

"Marahaba. La watu hili, si la mbuzi," mama mkwe akajibu, akapanda, akalipakata. Kitanda cha marehemu mumewe kilibaki kwa sababu ya lile gunia. Nilimkasirikia njia nzima. Wanawake wengine mle garini walimcheka kidogo, kwa upole, wakasema wao yao wameyaacha bondeni, mvua ikinyesha watakuja kuyachukua. Na wasiokuwa nayo hawakuwa na wasiwasi wowote, maana majirani wapo.

Kijiji kipya kilikuwa juu kwenye mwinuko, nyumba zimepangwa kwa mistari kama matuta ya pamba. Bonde lilikuwa mbali, na kisima kilikuwa na foleni ya ndoo tangu alfajiri. Mama mkwe alizunguka kiwanja chetu mara kadhaa akikanyagakanyaga udongo, kisha akasema, "Bafu litakaa hapa." Jiko lilikuwa bado. Hata mahali pa kulala palikuwa bado. Tulisimamisha bafu la mabua ya mtama, na nyuma yake, pale maji ya kuoga yalipotokea, akachimba matuta mafupi akazika marando yake yote.

Hapo ndipo maisha yangu ya kuoga yalipoharibika. Nilikatazwa sabuni. Alisema inachoma mizizi. Sijui kama ni kweli, lakini sabuni yenyewe ilikuwa adimu, kwa hiyo hatukugombana sana. Kubwa zaidi, sikuruhusiwa kuoga popote ndani ya bafu. Alikuwa amechimba vijifereji, kila kijifereji kinakwenda kwenye tuta lake, na mimi nilipaswa kusimama mbele ya kijifereji ambacho tuta lake lina kiu siku hiyo. Nikiwa ndani, nimejimwagia maji, nasikia sauti kutoka nje ya mabua: "Coletha, uko upande gani?" Namjibu, "Wa mlangoni, mama." Anakagua, kisha, "Jana pia ulikuwa mlangoni. Sogea." Nikasogea. Binadamu mwenye heshima zake, mke wa mtu, nikawa bomba la shamba.

Alifanya hivyo kwa siri. Alizungushia matuta yale mabua mengine, marefu, watu wasione. Niliposema hakuna aibu, alinijia juu. "Watasema Mama Bujiku anakula maji ya mwili." Kwake, mtu kujua unakula nini na kimeoteshwaje ilikuwa karibu sawa na kumwomba.

Bujiku alipokuja aliona yale yote akaingiwa na huruma. Akamwambia mama yake twende wote Mwadui, maji yapo kwenye bomba, unga upo dukani. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. "Na huko nikitaka mboga naipata wapi?"

"Unanunua, mama."

"Na siku duka halina?"

Bujiku akarudi Mwadui peke yake.

Mwaka ule mvua haikuja wakati wake. Mtama wa akiba ulikwisha kwenye nyumba nyingi, na yakaletwa mahindi ya njano ya msaada, yale watu waliyoyaita yanga kwa rangi ya timu. Foleni yake ilikuwa ndefu na ya fujo. Mama mkwe alikataa kabisa kukanyaga hapo, nikaenda mimi. Nilipopika ugali ule aliutazama, akala tonge, akasema unanuka meli. Kisha akafungua gunia la michembe, akachemsha kidogo, akaniwekea na karanga zilizotwangwa. Tulikula hivyo siku nyingi, yanga kidogo na michembe kidogo, na juu yake matembele mabichi, kila siku machache, ncha tu. Nilianza kuuona ule ubahili kwa jicho lingine, lakini sikumwambia. Na yeye asingetaka kusikia.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Ghati, Mkurya aliyeolewa huku, mtu wa kusema alilonalo mbele yako. Siku moja alinikuta kisimani akanivuta pembeni.

"Coletha, nyumbani kwenu mnakula mboga mbichi."

"Nani kasema?"

"Ninyi mnapika, sisi tuna pua. Kijiji kizima kimekauka, nyuma ya bafu lenu kuna kijani kinachungulia juu ya mabua. Na mama mkwe wako ana macho mekundu, haingii kwa mtu, haombi hata moto. Unajua wanachosema?"

Nilijua. Kila mtu wa upande wetu anajua. Macho ya mama mkwe wangu yalikuwa mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe, kama yalivyokuwa yangu na ya Ghati mwenyewe, lakini mwanamke mzee mwenye macho mekundu na shamba bichi katikati ya ukame akishaitwa mchawi, jina hilo haliondoki juu yake. Wapo waliokufa kwa panga kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Niliogopa mpaka ndoo ikanitoka mikononi. Nilipomweleza, aliendelea kuchambua karanga. Kisha akasema, "Waseme." Lakini karanga mbovu alizitia kwenye nzuri.

Ndipo mvua ya kwanza ikanyesha, na msiba wa marando ukajulikana.

Waliokuwa wameyaacha bondeni walikimbilia kule kwenye mahame. Hawakukuta kitu. Zamani kila kipande kilikuwa na mwenyewe anayekaa karibu na kukifunga kwa miiba. Sasa hakukuwa na mtu, ng'ombe walikuwa wameingia wakala mpaka mizizi. Wakarudi kuomba kwa majirani. Niliwaona wakipita kwenye ile mistari yetu minyoofu, mwanamke anatoka nyumba hii kwenda ile, na wa ile alikuwa njiani anakuja kwa huyu. Wote mikono mitupu. Kila mmoja alikuwa amemtegemea mwenzake, na mwenzake alikuwa amemtegemea yeye. Sikucheka. Tuta lisilo na kamba mwaka ule lilimaanisha nyumba isiyo na michembe kiangazi kijacho, na tulikuwa tumekwisha kuona yanga linavyokuja, kwa kuchelewa na kwa magomvi.

Asubuhi iliyofuata walijaa uani kwetu. Aliyewaongoza alikuwa Bi Mwamvua, mke wa Muhidini fundi cherehani, watu wa Tabora, mwanamke wa Kiswahili kilichonyooka na ulimi uliojua kushona kuliko cherehani ya mumewe. Neno lake lilisikilizwa na wanawake wote.

"Mwangaluka, Mama Bujiku," alisalimu kwa Kisukuma, kwa heshima.

"Mwangaluka."

"Tumesikia Mungu amekuwekea marando. Tumekuja kuomba."

Desturi ilitaka jibu moja tu. Nilimwona mama mkwe akihesabu kwa macho, wanawake na matuta. Akigawa, kila mmoja angepata vikamba vya kushika kwa mkono mmoja, na sisi tungebaki na udongo. Tena watu walikuwa na njaa. Vikamba vile vingeliwa mboga kabla havijashika.

"Nitatoa," alisema. "Lakini kila mtu kwanza anionyeshe mahali penye unyevu alipopaandaa. Asiye napo simpi."

Bi Mwamvua akajifunga upya kitenge chake. "Marando yana masharti tangu lini, Mama Bujiku? Mimi ni mgeni huku, lakini hata mimi nilielezwa kwamba hayanyimwi."

"Sijanyima."

"Umenyima kwa maneno marefu," alisema, akageuka. Wote wakamfuata. Mmoja alitema mate karibu na mlango wetu, na ilikuwa makusudi.

Siku hiyo nilimlilia mama mkwe wangu. Nilimwambia agawe yote, viazi tutaishi bila, lakini yeye tukimpoteza nitamwambia nini Bujiku. Alikwenda nyuma ya bafu akakaa na matuta yake.

Na kama vile hayo hayakutosha, mvua ikakatika. Ilinyesha mara chache, ikaamsha majani, halafu jua likarudi na hasira mpya. Marando yalikuwa yameanza kutambaa vizuri, sasa yakaanza kulegea mchana. Kisima kilishuka, maji yakawa ya kunywa na kupikia tu. Tulioga kwa kikombe. Mama mkwe alioga kwa kitambaa kilicholowa na kukikamua kwenye tuta. Matuta ya pembeni yakafa. Alipong'oa kamba iliyokauka aliivunja mkononi, ikalia kama bua, na nikaona machozi yakimtoka, mtu ambaye hakulia hata siku ya lori.

Alisimama, akachukua beseni, akatoka.

Nilidhani anakwenda kisimani. Nikamfuata kwa sababu ya yale maneno yaliyokuwa yanazunguka. Alipita mlango wa Ghati, akapita mingine, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Bi Mwamvua. Muhidini alikuwa barazani anashona. Aliinua mguu kwenye pedeli, cherehani ikanyamaza. Wanawake waliokuwa wanasubiri viraka vyao wakanyamaza pia.

Mama mkwe wangu alisimama uani na beseni lake tupu. Sijawahi kuona neno likimtoka mtu kwa taabu namna ile.

"Naomba," alisema.

Bi Mwamvua akatoka ndani. "Unaomba nini?"

"Maji mliyoogea. Yale mnayomwaga. Na ya kutawadhia. Wewe unanawa kuliko sisi sote, mara tano kwa siku. Marando yanakufa, na maji yangu hayatoshi. Hiyo ndiyo dawa yangu yote niliyonayo, maji ya kuoga. Nilikuwa naona haya kuwaambia."

Mmoja wa wale wanawake akaguna kama mtu anayetaka kucheka akajizuia. Bi Mwamvua alimtazama mama mkwe, akatazama beseni, akatazama kona ya ua wake anakotawadhia, ambako pamelowa siku zote na panaota majani ya bure. Nilikuwa namjua kuwa mwanamke wa jibu la haraka, lakini safari hii alichelewa.

"Leta beseni," alisema.

Tulibeba maji yale njia nzima, mimi na mama mkwe, tukipokezana, watu wakitutazama. Kesho yake alikwenda nyumba nyingine, na kesho kutwa nyingine. Kila mlangoni alisema lile neno, na kila mara lilimuuma upya, sikuona likizoeleka. Wengine walimpa wakicheka. Wengine walimletea wenyewe, ili wapate kuchungulia, na walipochungulia nyuma ya bafu waliona tope, vijifereji na kamba za viazi. Hakukuwa na tunguri wala kitambaa chekundu. Alibomoa yale mabua marefu kwa mikono yake mwenyewe waone vizuri.

Ghati ndiye aliyemaliza kesi. Alikuwa amebeba ndoo ya maji machafu kutoka kwake, imemlowesha gauni, akaitua kwa kishindo.

"Mama Bujiku, mimi nimechoka. Kwa nini tunabeba maji kuyafuata marando? Nipe kamba chache nikazizike kwangu, pale maji yanapomwagika. Yakae huko yanywe, nami nisivunjike shingo."

Ni lile sharti lake lilelile, lililowafukuza watu uani, sasa limerudi kwa miguu yake. Mama mkwe wangu alichukua kisu, akakata kamba akampa. Ghati alifungua mdomo kushukuru, akakumbuka, akaufunga.

Baada yake wakaja wote. Walipewa vikamba vya kushika kwa mkono mmoja, kama alivyohesabu siku ile, lakini safari hii kila mmoja alikuwa na mahali pake: nyuma ya bafu, chini ya mtungi, pale anapooshea vyombo. Hawakuvila. Mtu halimi kitu kwa maji aliyooga nayo kisha akakila kabla hakijakua. Unakuwa umekizoea mno. Kwa Bi Mwamvua, kwenye kona ya kutawadhia, yalitambaa mpaka yakapanda ukuta, na Muhidini akalalamika kwamba wateja wake wanakuja kutazama viazi kuliko nguo. Mvua iliporudi, kwa kuchelewa sana, kijiji kilikuwa na kamba za kutosha kujaza matuta. Michembe ya mwaka huo ilikuwa myembamba na michache, lakini ilikuwepo kila nyumba.

Lile jina baya halikusemwa tena. Na mama mkwe hakugeuka kuwa mtu mwingine, nisije nikawadanganya. Chumvi ikiisha, bado tulikula bila chumvi.

Aliishi mpaka ukame wa mwaka 1984. Watu wakati huo walikuwa wanakwenda Bulyanhulu kuchimba dhahabu, vijana wetu pia, wakirudi na habari za utajiri na matumbo matupu, na wakiondoka walifungiwa michembe. Yeye miguu ilikuwa imekufa, macho yamefifia. Bujiku alileta beseni kubwa la bati kutoka Mwadui ili nimwogeshee ndani, asipate baridi. Nilimwogesha humo siku moja. Alikaa amenuna, kisha akauliza maji haya yatakwenda wapi.

"Nitayamwaga nje, mama."

"Utayabeba yote? Wewe nakujua, nusu utamwaga mlangoni." Akashika ukingo wa beseni. "Coletha, ng'wanone, mwanangu. Naomba unitoe nje."

Mimi alikuwa hajawahi kuniomba kitu. Alikuwa ananituma, ananikemea, ananifundisha, lakini kuniomba hapana. Nikajifanya natafuta kata.

Tangu siku hiyo nilimbeba mpaka bafuni kila jioni jua likipoa. Alikuwa amebaki mwepesi, mifupa na maneno tu. Nilimkalisha kwenye jiwe, nikammwagia taratibu, maji yakateremka mgongoni, yakaingia kwenye kijifereji, yakapita chini ya mabua kwenda kwenye marando. Alisikiliza yakipita. Ilikuwa kama kumwogesha mtoto, ila mtoto hakukosoi.

Siku ya mwisho nilidhani amesinzia. Nilimwogesha polepole nikiimba kidogo. Nilipofika kwenye miguu akafungua macho.

"Uko upande gani?" aliuliza.

"Wa mlangoni, mama."

Alifikiri. "Jana pia tulikuwa mlangoni."

Ni kweli, tulikuwa hapo. Nilimpitishia mikono kwapani nikamsogeza.